Kiigizi: PSP Isiyokuwepo Ukunda

Vijana wa bodaboda pale Ukunda, kwenye njia ya kuteremkia Diani, wakikosa abiria hutoa simu na kucheza mpira. Muulize mmoja anacheza nini, atakujibu, "PSP." Nenda kwa fundi simu Msambweni, utamsikia mteja akisema, "Niwekee PSP." Mkononi mwao hamna PSP. Kile kimashine cha gemu cha Sony kilianza kuuzwa Japani mwaka 2004, na mwaka 2014 kikaondolewa sokoni. Kilichomo ndani ya simu ni programu iitwayo PPSSPP, iliyoanzishwa mwaka 2012 na Henrik Rydgård wa Sweden. Wataalamu huiita emuleta. Mimi naipigania istilahi moja: kiigizi.

Umbo lake halina ugeni. Kutokana na chapa tulipata chapisha, kisha kichapishi. Kutokana na iga tuna igiza, naye mtu wa kazi hiyo tukamwita mwigizaji. Kifaa cha kazi hiyo hiyo kikiitwa kiigizi, sikio halishtuki. Lakini umbo peke yake halitoshi, maana istilahi nyingi zina umbo zuri na bado zimelala kamusini. Swali ni kama neno linaonyesha kitu kinavyofanya kazi.

Gemu ya PSP iliandikwa kwa ajili ya chipu ya aina ya MIPS. Simu ya yule kijana ina chipu ya ARM. Hizi ni lugha mbili zisizosikilizana, kwa hiyo mtu wa pwani atafikiria kwanza mkalimani, kama wale wanaosimama kati ya mgeni Mjerumani na mwenye ngalawa pale ufukweni Diani. Nami nilianzia hapo. Na kweli mkalimani yumo: PPSSPP husoma fungu la maagizo ya MIPS, hulitafsiri kwa ARM, kisha huiweka tafsiri hiyo akibani ili fungu lile likirudi isianze kazi upya.

Ila mkalimani hushughulika na maneno tu. Gemu ile inataka zaidi ya maneno. Inaulizia sahani yake ya UMD, na simu haina pa kuitia sahani. Inaulizia kadi ya kuhifadhia. Inaonyeshwa folda ya kawaida ya simu na kuambiwa kadi ndiyo hii. Inangojea vitufe vya msalaba, duara na pembetatu. Vinachorwa juu ya kioo. Jukwaa zima limepangwa, kila kifaa kina anayekiigiza, na gemu haijui kwamba haimo ndani ya PSP. Hapa ndipo neno mkalimani linapokwama na kiigizi kuendelea. Gemu yenyewe haiigizi chochote. Ni ile ile, herufi kwa herufi, kama ilivyotoka kiwandani. Kinachoigizwa ni mashine.

Tofauti hiyo naishikilia sana, kwa sababu ndiyo inayotenganisha njia za kutoa upya gemu za zamani. Ipo njia ya kuhamisha: unaichukua gemu, unaandika upya sehemu zake, unaipa miguu ya kusimamia kwenye mashine mpya. Doom ya mwaka 1993 imehamishiwa kwenye mashine za kila namna tangu watengenezaji wake walipoachilia msimbo wake mwaka 1997. Ni kama Msikiti wa Kongo pale mto Mwachema unapomwaga maji baharini: umekarabatiwa, na waumini bado wanaswali humo chini ya mibuyu. Kwa kiigizi hakuna jiwe linaloguswa. Unachojenga ni ardhi ya zamani, chini ya jengo lile lile.

Na ardhi hiyo lazima iwe na kasoro zake. Tuliokulia na mashine za kuchomeka kwenye televisheni, zile za kaseti za manjano zilizonakili Famicom ya Nintendo ya mwaka 1983, tunakumbuka vikaragosi vilivyokuwa vikimetameta vikijazana kwenye mstari mmoja. Chipu ile haikuweza kuchora zaidi ya vinane kwa mstari. Kiigizi chenye uaminifu huacha kumetameta kule kama kulivyokuwa. Mkalimani mwema angeficha kigugumizi cha mzungumzaji. Mwigizaji mwema hukiigiza.

Uaminifu huo una gharama. Wahenga walimwonya anayemuiga tembo kunya kwamba atapasuka msamba, yaani mdogo asimuige mkubwa. Kwenye kompyuta anayeiga sharti awe mkubwa kupita kiasi. Chipu ya Super Nintendo haikufikia mapigo milioni 4 kwa sekunde, lakini mwaka 2011 mtengenezaji wa kiigizi chake sahihi kuliko vyote alieleza kwamba kukiendesha kwa usahihi kamili kunataka kompyuta ya mapigo bilioni 3.

Makampuni nayo hutumia njia hii. Duka la GOG, lililofunguliwa Poland mwaka 2008, huuza gemu nyingi za enzi ya DOS zikiwa zimefungwa pamoja na kiigizi cha DOSBox. Nintendo ilipouza kisanduku chake cha gemu 30 za zamani mwaka 2016, ndani yake mlikuwa na Linux na kiigizi. Lakini zinazotolewa upya ni chache. Utafiti wa Video Game History Foundation wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena madukani.

Hata mpira wa vijana wale ni wa zamani: kampuni ya Konami haitengenezi tena PES, gemu yake ya mpira, kwa ajili ya PSP. La mwisho lilikuwa toleo la 2014. Mashabiki ndio wanaoingiza majina na jezi za msimu mpya katika mpira ule wa zamani, na huo ndio unaochezwa Ukunda.

Liko jambo moja ambalo neno langu halilibebi, nami nalikiri. Kiigizi kinaweza kuigandisha mashine nzima papo hapo na kuiweka kwenye faili, hata pale gemu yenyewe isiporuhusu kuhifadhi, jambo ambalo PSP ya kwanza haikulijua. Abiria wa Kinondo akifika, kijana hubonyeza mara moja, hutia simu mfukoni na kuwasha pikipiki. Akirudi, mpira bado uko hewani, na kipa bado amenyoosha mikono.