Umakinifu na Tafakuri: Tofauti, Uhusiano na Hukumu Yake

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Kijana wa Mafia anayefanya kazi katika hoteli ya watalii kule Utende huwakuta wageni wamekaa ufukweni kimya, macho wamefumba, wanafuatilia pumzi zao. Je, ile ni ibada? Akialikwa akae nao, afanyeje? Kabla ya kujibu, tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa.

Maana yake

Umakinifu ni hali: moyo kuhudhuria pale mwili ulipo. Nahodha wa Jibondo aliyeshika usukani anajua upepo umegeuka na maji yameanza kupwa. Hawazi deni la jana. Hali hii haina saa maalumu. Mtu anaweza kuwa nayo akila, akitembea au akipara samaki.

Tafakuri ni kitendo: mtu hutenga muda, akaelekeza akili kwenye jambo moja. Anayesimama Kua, kisiwani Juani, penye magofu ya misikiti ya mji ulioshambuliwa na Wasakalava wa Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19, akajiuliza wako wapi waliokuwa wakiadhini hapa, huyo anatafakari.

Mambo haya hutegemeana. Moyo usiohudhuria hauwezi kutafakari, na mwenye kutafakari mara kwa mara huzoea kuhudhuria.

Katika dini yetu

Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111 Miladia), aliyaweka haya jirani katika Ihya Ulum al-Din: kitabu cha muraqaba na muhasaba, kisha kitabu cha tafakkur. Muraqaba ni kujua kila wakati kwamba Allah anakuona. Ndiyo ihsani iliyotajwa katika hadithi ya Jibril aliyoipokea Muslim. Tafakkur ni sifa ya wenye akili wanaozingatia uumbaji wa mbingu na ardhi, kama ilivyo katika Surat Al-Imran, aya ya 190 na 191.

Mafunzo ya umakinifu yanayotolewa hospitalini yalianzishwa na Jon Kabat-Zinn huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, kwa ajili ya wenye maumivu na msongo wa mawazo. Asili yake ni mazoezi ya Kibudha. Humtaka mtu aione hali yake bila kuihukumu. Muraqaba huongeza maswali mawili: niko mbele ya nani, na nimefanya nini?

Hukumu

Tunaona kwamba kukaa kimya na kupumua polepole ili kutuliza wasiwasi hakuna ubaya, kwa kuwa asili ya mambo ya kawaida ni uhalali. Haramu ni kutamka maneno ya kumuabudu asiyekuwa Allah, kusujudia sanamu, au kuitakidi kwamba zoezi hilo linatosha badala ya Swala. Akialikwa kwenye hayo, kijana wetu aombe udhuru kwa adabu. Riziki iko kwa Allah.

Lakini tujiulize na sisi. Ni mara ngapi tumerukuu na kusujudu huku moyo uko sokoni Kilindoni? Mgeni amevuka bahari kutafuta utulivu wa dakika chache. Sisi tunaitwa kwenye utulivu huo mara tano kila siku, na wengi tunarudi bila kuuonja.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.