Shule iliyotembea kwa miguu hadi Beni

Mtu akitoka Eringeti kushuka Beni, anapita Oicha. Pale ndipo historia ya waganga na wakunga wa barabara hii inaanzia. Daktari Carl Becker, Mmarekani wa misheni ya Africa Inland Mission, alifika Congo mwaka 1929, na katika miaka ya 1930 akaanza hospitali Oicha, katikati ya pori. Wagonjwa walikuwa wengi kuliko mikono, basi akawafundisha vijana wa hapa hapa kazi ya uuguzi.

Uasi wa Simba wa 1964 ulimfukuza. Aliporudi, misheni kadhaa ziliungana kujenga hospitali moja kubwa na shule ya wauguzi Nyankunde, kule Ituri. Helen Roseveare, daktari Mwingereza aliyekuwa akifundisha wauguzi Nebobongo na kuteswa sana na waasi, alirudi 1966 na kufundisha huko mpaka 1973. Madaktari wa Nyankunde hawakungoja mama aletwe kwa tipoyi. Walipanda ndege ndogo kwenda hospitali za porini, wakitibu na kufundisha.

Halafu ikaja tarehe 5 Septemba 2002. Nyankunde ilishambuliwa, wagonjwa wakauawa vitandani, na kwa siku chache zaidi ya watu elfu moja walipoteza maisha. Waliosalia, wauguzi pamoja na wagonjwa wao, walitembea siku nyingi kuelekea Oicha na Beni. Mwisho wa mwaka ule ule Eringeti ilikuwa inapokea wakimbizi kutoka Mambasa. Ndiyo, Eringeti hii ambayo leo watu wake wenyewe wanalala kwa jamaa na kambini, ndiyo iliyowapa wengine mahali pa kulala. Beni, kazi ya Nyankunde ikaanza upya, na masomo pia.

Vita vikafuata huku. Novemba 2015 hata hospitali ya Eringeti ilivamiwa, watu wakauawa ndani. Muuguzi akikimbia, kijiji kinabaki bila mtu wa kumzalisha mama usiku, na ujuzi wa miaka mitatu darasani unaondoka naye kwenye moto.

Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikaisha Juni 2020 baada ya kuua watu 2,287. Maternite ilikuwa mahali pa hatari sana, maana homa na damu ya mama mjamzito zinafanana na dalili za ugonjwa. Wakunga wa zamani walijifunza upya kupima joto mlangoni, kuvaa glavu na kumtenga mama bila kumtupa.

Na watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa kwa Ebola? Beni na Butembo walitunzwa katika nyumba ya watoto karibu na kituo cha matibabu. Walezi wao walikuwa wanawake ambao hawakuchaguliwa kwa diplome, bali kwa sababu walikuwa wameugua Ebola na kupona, hivyo waliweza kumbeba mtoto kifuani.