Homoni ya Maziwa na Ada za Uzazi katika Nchi ya Embu

Katika miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Kenya, kuanzia mashamba ya Manyatta na Kyeni yanayopakana na msitu hata nyika za Mbeere zishukazo kuelekea mto Tana, iko historia moja ambayo waandishi wa mambo ya kale wameipitia kwa haraka, nayo ni historia ya ziwa la mama. Vita vimeandikwa, mizozo ya ardhi imeandikwa, kahawa na kodi zimeandikwa. Lakini namna wanawake wa Embu walivyonyonyesha, namna majirani walivyomtunza mzazi, na namna ada hiyo ilivyopanga umri wa ndugu mmoja na mwingine, ni mambo yaliyoachwa vinywani mwa mabibi vikongwe kana kwamba hayana uzito. Yana uzito mkubwa, kwa kuwa elimu ya tiba ya karne ya 20 imebainisha kwamba ndani ya mwili wa mama hufanya kazi homoni iitwayo prolaktini, ambayo nguvu yake hutegemea ukaribu wa mama na mtoto; na ada za wazee, ingawa hazikulijua jina lake, zilikuwa ndizo ngome ya ukaribu huo.

Zamani mwanamke wa nchi hii alipojifungua hakuachwa peke yake. Wanawake wenye umri na ujuzi walimzalisha, na majirani zake wakachukua zamu ya kuni, maji na chakula, ili mzazi asishike jembe wala kubeba mzigo kabla mwili wake haujarudi katika hali yake. Alipewa uji wa mawele, mchuzi wa mbuzi kwa aliyejaliwa, na njahi, yaani fiwi, ambazo jamaa zote za mlima huo huziamini hata leo kuwa ni chakula cha kumletea mama maziwa. Mtoto alilala ubavuni mwa mama usiku na kukaa mgongoni mwake mchana, akanyonya kila alipolia, pasipo saa wala hesabu, hata akapita mwaka na aghalabu miwili. Ilikuwa aibu kwa mume na mke kupata mimba nyingine ilhali mtoto wa kwanza hajaimarika miguu. Watu wa pwani nao walikuwa na arubaini ya mzazi ndani ya nyumba, na hofu ya kumbemenda mtoto, yaani kumdhoofisha kwa wazazi kukutana kimwili angali ananyonya, iliyowaweka wazazi mbalimbali. Na ijapokuwa maelezo yaliyotolewa kuhusu hofu hiyo hayakuwa sahihi, matokeo yake yalikuwa hifadhi ya kweli, kwani mtoto aliyewahiwa na mdogo wake alikuwa katika hatari ya utapiamlo uliowaua wengi.

Elimu ya sababu ilifika kwa njia ya mbali. Katika mwaka wa 1928, mjini Strasbourg, Stricker na Grueter walidhihirisha kwamba kiowevu kilichotolewa katika tezi ya pituitari kiliwatia maziwa sungura. Na miaka michache baadaye huko Marekani, Oscar Riddle pamoja na wenzake Bates na Dykshorn, wakichunguza njiwa ambao huwalisha makinda yao maziwa yatokayo katika mfuko wa kooni, waliipa homoni hiyo jina la prolaktini. Kwa binadamu shaka iliendelea muda mrefu, kwa kuwa prolaktini ilikuwa imefichwa nyuma ya homoni ya ukuaji iliyo nyingi zaidi katika tezi hiyo, hata ilipofika miaka ya 1970 na 1971 ndipo Henry Friesen wa Kanada na wengine walipozitenga na kuipima prolaktini peke yake katika damu.

Mwendo wa homoni hiyo unastahili kuelezwa kwa utulivu, maana ndani yake mna hekima yote ya ada tulizozitaja. Tezi ya pituitari, ambayo haizidi ukubwa wa punje ya njegere, imetundikwa chini ya ubongo. Wakati wa mimba huvimba na kutoa prolaktini mara kumi na zaidi ya kiasi cha kawaida, lakini maziwa hayatoki kwa wingi, kwa sababu progesteroni itokayo katika kondo la nyuma huyazuia. Kondo likishatoka kizuizi huondoka, na baada ya dang'a ya siku za mwanzo, maziwa hujaa matiti katika siku ya pili au ya tatu. Tangu hapo mamlaka huhamia kinywani mwa mtoto. Ubongo, kwa kawaida yake, huizuia tezi kwa dopamini. Mtoto anaponyonya, mishipa ya fahamu ya chuchu hupeleka habari ubongoni, kizuizi hulegezwa, na prolaktini hupanda ili kutengeneza maziwa ya mnyonyo ujao, ilhali homoni nyingine, oksitosini, huyasukuma yaliyokwisha kutengenezwa. Usiku prolaktini hupanda zaidi kuliko mchana. Mtoto asiponyonya, homoni hiyo hurejea chini katika majuma machache, na maziwa hukauka. Basi aliyemlaza mtoto ubavuni mwa mama usiku kucha alikuwa akitii kanuni ya mwili.

Prolaktini ina kazi nyingine pia. Imo katika miili ya wanaume na ya watoto, na katika samaki husaidia kupima chumvi na maji. Lakini kazi iliyotengeneza historia ya jamaa zetu ni ile ya kushirikiana na ishara nyingine zitokanazo na mnyonyo huo huo, hata ovari zikatulia na hedhi ikakawia. Ushahidi bora wa jambo hili ulitoka jirani yetu, katika Kivu ya mashariki ya Kongo, ambako Delvoye na wenzake walipima damu ya akina mama katika miaka ya 1970, wakaona kwamba walionyonyesha zaidi ya mara sita kwa siku walidumu na prolaktini ya juu hata kupita mwaka mzima. Mnamo 1988 wataalamu waliokutana Bellagio, nchini Italia, walikubaliana kwamba mama anyonyeshaye kikamilifu, ambaye hedhi haijamrudia, ana kinga ya zaidi ya asilimia 98 dhidi ya mimba katika miezi 6 ya mwanzo. Nafasi kati ya mtoto na mtoto, ambayo wazee wa Embu waliilinda kwa aibu na kwa desturi, ilikuwa imelindwa pia na mnyonyo wenyewe.

Ngome hii ilianza kupata nyufa tangu serikali ya Waingereza ilipoitiisha nchi ya Embu katika mwaka wa 1906. Kodi ziliwapeleka wanaume mbali kutafuta ujira, na sehemu kubwa ya kazi zao ikawaangukia wanawake. Kahawa iliyoruhusiwa kwa Waafrika wa Embu katika miaka ya 1930 ilileta fedha, lakini ilitaka mikono wakati wa mavuno, na haikuuliza kama mikono hiyo ina mtoto wa kunyonya. Msiba ulikuwa mkubwa zaidi baada ya Hali ya Hatari kutangazwa mnamo Oktoba 1952. Maelfu ya Waembu, pamoja na Wakikuyu na Wameru, walihamishwa kwa nguvu kutoka mashambani mwao wakasongamanishwa katika vijiji vyenye kulindwa, na wanawake wakalazimishwa kuchimba handaki refu kandokando ya msitu wa Mlima Kenya ili kuwatenga na chakula wapiganaji wa uhuru waliokuwa humo msituni. Mwenye kulitafakari jambo hilo kwa nuru ya elimu ya prolaktini atafahamu mara moja kwamba mama aliyetengwa na mtoto wake kutwa nzima, naye ana njaa na hofu, alinyang'anywa pamoja na uhuru wake ile minyonyo ya mchana iliyoyaendesha maziwa yake.

Baada ya uhuru dhuluma hiyo haikuwepo, lakini mambo mengine yalipunguza mnyonyo kwa upole: maziwa ya kopo yaliyosifiwa kwa picha za watoto wanene, ajira za mjini, na kusahauliwa kwa miiko ya kutengana. Uchunguzi wa uzazi nchini Kenya wa 1977 na 1978 ulionyesha wastani wa watoto 8 kwa kila mwanamke, miongoni mwa viwango vya juu kabisa duniani wakati huo, na wataalamu wa idadi ya watu walikuhesabu kufupishwa kwa unyonyeshaji kuwa moja ya sababu zake.

Hatimaye elimu ilikuja Embu kwenyewe. Katikati ya miaka ya 1980, Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, chini ya Nimrod Bwibo na Charlotte Neumann, walifanya uchunguzi mkubwa wa lishe huko Kyeni, nao ukakutwa na ukame wa 1984 ulioitia nchi nzima njaa. Watafiti hawakuhesabu chakula tu, bali waliandika pia jinsi wanawake walivyozigawa saa zao, ikadhihirika kwamba mja mzito wa miezi ya mwisho na mzazi wa miezi ya kwanza walipunguza kazi ya shamba. Matokeo hayo ni shahidi kwamba ada ya zamani haikuwa imekufa, na kwamba pumziko la mzazi lilikuwa na gharama, kwa kuwa kila siku aliyopumzika ilipunguza nguvu ya shamba.

Ukaribu peke yake, hata hivyo, hautoshi kila mara, na haki yataka tuseme hivyo. Katika 1937 Harold Sheehan wa Liverpool alieleza jinsi mzazi aliyetokwa na damu nyingi awezavyo kupoteza uhai wa tezi yake ya pituitari, hata maziwa yasije kamwe. Na mama wa namna hiyo hakuhitaji lawama wala njahi, alihitaji tabibu. Kadhalika mwanamke au mwanamume atokwaye na maziwa pasipo sababu, au mwanamke aliyepotelewa na hedhi naye hana mimba, huenda ana uvimbe mdogo wa tezi hiyo uongezao prolaktini, na dawa zake zipo.

Sheria za Kenya zimeanza kurudisha sehemu ya yale yaliyopotea: likizo ya uzazi ya miezi 3 katika sheria ya ajira ya 2007, udhibiti wa matangazo ya maziwa ya kopo mnamo 2012, na amri ya mwaka 2017 kwamba waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea. Watoto wanaonyonya maziwa ya mama pekee katika miezi 6 ya mwanzo walikuwa asilimia 13 tu nchini mnamo 2003, wakafika 61 mnamo 2014. Hayo ni maendeleo ya kushukuriwa. Lakini mchumaji wa majani chai, muuzaji wa ndizi sokoni Runyenjes na mkulima wa mawele wa Siakago hawana ofisi wala mwajiri wa kuwapa likizo, na kwao sheria hizo hazijafika. Vyama vya ushirika vya kahawa, makanisa, vikundi vya akina mama na waume wenyewe ndio wanaoweza kuwapa kile ambacho majirani wa zamani walikitoa bila ya kuamriwa: kuni, maji, chakula, na zamu ya kazi. Prolaktini haiuzwi dukani, wala mama hawezi kuitengeneza kwa bidii yake peke yake. Huitengeneza mtoto akiwa karibu, na mtoto hukaa karibu pale tu ambapo watu wengine wamekubali kuubeba mzigo wa mama kwa muda. Wazee wa Embu walilitambua wajibu huo na wakaufanya kuwa ada. Sisi tulio na elimu ya sababu yake hatuna udhuru wa kuuacha.