Ziwa na Miji Yake

Sisi tuliokulia Wampembe, chini ya miteremko ya Ufipa, tulifundishwa shuleni kwamba Tanganyika ndilo ziwa lenye kina kirefu kuliko yote barani Afrika, karibu mita 1,470. Ikaishia hapo. Kwamba ziwa hilo hupanda na kushuka kwa vizazi tulilisikia kwa bibi zetu. Bibi yangu alihesabu umri wa watu kwa maji: huyu alizaliwa kabla ya maji ya Uhuru, yule baada yake.

Habari iliyoandikwa inaanzia na wageni. Burton na Speke walifika Ujiji mwaka 1858, na swali kubwa la wazungu wa wakati ule lilikuwa moja: maji haya yote hutokea wapi? Mwishoni mwa 1871 Livingstone na Stanley walikwenda kaskazini wakaona kwamba mto Ruzizi huingiza maji ziwani, hautoi. Mwaka 1874 Cameron alionyeshwa Lukuga, upande wa magharibi, na wenyeji wakamwambia kuwa ndiko maji yanakotokea. Lakini mlango ulikuwa umezibwa na majani. Stanley alipopita mwaka 1876 aliukuta vivyo hivyo, umejaa mafunjo, na ziwa linazidi kupanda. Huko Ujiji miti aliyoikuta sokoni mwaka 1871 ilikuwa imesimama ndani ya maji.

Kisha kizuizi kikavunjika. Mmisionari Edward Hore, alipokwenda Lukuga mwaka 1879, alikuta mto unakwenda kwa kasi. Katika muda usiofika miaka ishirini ziwa likashuka kwa kiasi cha mita 10. Mita 10, msomaji, ni urefu wa nyumba ya ghorofa tatu, na mahali palipo tambarare ni ukanda mpana wa ardhi mpya, tupu, karibu na maji, yenye kuvutia.

Sasa angalia tarehe. Kituo cha Wabelgiji kilichozaa Albertville, ambayo leo ni Kalemie, kilianzishwa mwaka 1891. Ngome ya Wajerumani ya Usumbura, yaani Bujumbura, ni ya miaka hiyo hiyo ya 1890. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na bandari ikajengwa kwa kipimo cha maji ya siku zile. Miji mikubwa ya ziwa letu, ukiacha Ujiji, ni watoto wa maji yaliyopungua. Waliochora ramani zake waliliona ziwa likiwa limekaa chini, wakadhani hapo ndipo kwake.

Mvua za 1961 zilianza kuwasahihisha, na mwaka 1964 maji yakafika juu sana. Miji ilikuwa bado midogo, watu wakasogea, wakasahau. Yaliporudi mwaka 2020 na 2021, na tena mwaka 2024 yakakaribia alama ya 1964, hapakuwa na pa kusogea kirahisi. Gatumba, karibu na Bujumbura, ilizama mara kwa mara. Mitaa ya Uvira ikaingiliwa. Bandari ya Kigoma nayo ikaonja.

Utafiti wa pamoja haukukosekana. Tangu mwaka 1992 nchi nne, Burundi, Kongo (wakati huo Zaire), Tanzania na Zambia, zilipima ziwa pamoja chini ya mradi wa FAO uliofadhiliwa na Ufini. Mwaka 2003 zilitia sahihi Mkataba wa ziwa, ulioleta Mamlaka yenye makao Bujumbura. Mwaka huo huo wanasayansi walichapisha matokeo ya kutia hofu: maji ya juu yamepata joto, hayachanganyiki vizuri na ya chini, na chakula cha dagaa na migebuka kinapungua. Kazi nzuri hiyo, nami naiheshimu. Ila ilimtazama zaidi samaki kuliko mji.

Kwa upande wa miji tuna mfano Dar es Salaam. Kabla na baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40, Chuo Kikuu Ardhi kilishirikiana na wenzao wa Ulaya na wa miji mingine ya Afrika, Addis Ababa, Douala, Ouagadougou na Saint-Louis, kuchunguza ni nani anayekaa katika njia ya maji na kwa sababu gani. Waliwauliza wakazi wenyewe. Hilo ndilo ninaloliona la maana, kwa kuwa hata Cameron asingeujua mlango wa ziwa bila kuuliza. Wapimaji wa leo wana satelaiti, lakini satelaiti ya kupima maji ya ziwa haikuwapo mwaka 1964. Waliokuwapo ni watu, na wanazidi kupungua.

Nilipokwenda Wampembe mara ya mwisho niliwaomba wazee watatu wanionyeshe maji ya Uhuru yalikomea wapi. Wawili walikubaliana kwenye mwembe mmoja. Wa tatu, bibi mmoja aliyekuwa msichana wakati ule, aliwacheka, akapanda hatua thelathini zaidi, akachoma fimbo yake ardhini. Wakabishana hadi jua likazama. Mjukuu wake alikuwa ameweka msingi wa nyumba ya matofali ya kuchoma, chini ya mwembe, na mchanga wa kujengea ulikuwa umeshaletwa.