Mifuko Iliyofika na Joto

Makuli wa bandari ya Texas City, kwenye Ghuba ya Meksiko kusini mwa Marekani, walikuwa wamekwisha kulisema kabla ya siku yenyewe: mifuko hii ina joto. Ilikuja kwa treni kutoka Nebraska na Iowa, kwenye viwanda vilivyotumikia vita na sasa vikatengeneza mbolea kwa mashamba ya Ulaya yaliyochoka. Ndani ya karatasi ilikuwemo nitrati ya amonia, chumvi nyeupe iliyopakwa nta ili isigandamane. Makuli walisema, kisha wakaendelea kupakia, kwa kuwa mfuko ulisema mbolea, na mbolea haikuwa kitu cha kumtisha mtu.

Jumatano, 16 Aprili 1947, saa 2 asubuhi. Vifuniko vya ngama namba 4 ya meli ya Kifaransa Grandcamp vinafunguliwa ili kazi iendelee. Melini mna karibu tani 2,300 za chumvi hiyo, pamoja na karanga, tumbaku, kamba za katani na makasha machache ya risasi. Haupiti muda, moshi unaonekana ukichomoza kati ya mifuko. Wanaume wanaumwagia maji yao ya kunywa. Wanaleta mitungi ya kuzimia moto. Moshi haukomi. Wanapotaka mpira wa maji, wanakatazwa: maji yataharibu shehena.

Karibu saa 2 na nusu. Watu wanatolewa ngamani, vifuniko vinafungwa, turubai zinatandazwa juu yake, mvuke unaachiwa ndani. Kila nikisoma habari za siku ile, ni hapa ninapokwama. Nahodha Charles de Guillebon alifanya walilofundishwa mabaharia wa dunia nzima: moto wa pamba au wa nafaka uzibe hewa, utakufa. Lakini nitrati ya amonia imebeba oksijeni yake yenyewe, haingoji hewa ya nje. Ukiifungia, unalifungia joto lisipate pa kutokea, na mvuke unaongeza joto juu ya joto. Ilichohitaji ni maji, maji mengi sana, mapema, na ngama iliyo wazi. Wako wanaomlaumu nahodha. Mimi naulaumu mfuko. Uliandikwa jina la kilichomo, haukuandikwa kinafanya nini kikishika moto, na aliyelijua jibu hakuwapo gatini.

Hata risasi zile zilishughulikiwa kwanza. Zilianza kuondolewa, kwa kuwa kila mtu alijua risasi ni hatari.

Vifuniko vinarushwa na nguvu ya gesi. Zimamoto wa mji, watu wa kujitolea waliokuwa na kazi zao nyingine, wanafika na magari yao na kuanza kupiga maji. Sitaha imepata moto kiasi kwamba maji yanageuka mvuke yakiigusa. Juu ya meli unapanda moshi wa rangi ya chungwa, na wengi walioishi kuusimulia walisema ulikuwa mzuri. Watu wakaja kuutazama, watoto wakiwamo. Wakasimama gatini na kando ya uzio, kwa sababu moto wa melini ni jambo la kuonwa na hakuna aliyewaambia waondoke. Rangi ile ni ya gesi ya naitrojeni dayoksaidi, gesi ya sumu, na maana yake ni kwamba chumvi inavunjika kwa joto. Laiti mtu mmoja tu pale angeijua maana hiyo, angekuwa na dakika za kuwatosha watoto wale kukimbia.

Saa 3 na dakika 12. Grandcamp inalipuka.

Bahari inainuka na kuingia nchi kavu. Kiwanda cha Monsanto, kilichokuwa ng'ambo ya maji kutoka kwenye meli, kinabomoka juu ya wafanyakazi wake. Ndege mbili ndogo zilizokuwa angani zinaangushwa. Nanga ya meli, yenye uzito wa karibu tani 2, inatua zaidi ya kilomita 2 kutoka gatini. Galveston, umbali wa kilomita 16, watu wanaanguka magoti. Houston, zaidi ya kilomita 60, vioo vinavunjika. Kati ya zimamoto 28 wa mji ule, 27 wamekufa kwa pamoja. Mji ambao sasa unawaka kila upande, na matangi ya mafuta yakishika moto moja baada ya jingine, hauna tena wa kuuzima.

Wahudumu wa simu walikuwa katika mgomo wiki ile. Walirudi kwenye mitambo yao bila kuitwa mara mbili, wakaita Galveston, wakaita Houston. Mji haukuwa na hospitali, hivyo majeruhi walipakiwa kwenye chochote chenye magurudumu na kupelekwa Galveston. Maiti walilazwa katika gereji ya magari, baadaye katika ukumbi wa michezo wa shule ya sekondari, ndugu wakipita safu kwa safu wakitafuta kiatu, pete, kipande cha nguo wanachokijua.

Mchana mzima ukapita hivyo, na meli ya pili imo humo humo bandarini. High Flyer ilikuwa na tani 961 za nitrati ya amonia na shehena kubwa ya salfa. Mlipuko wa kwanza ulikuwa umeikata kamba zake na kuibana kwenye meli nyingine, Wilson B. Keene. Saa zikapita kabla ya watu kutambua imebeba nini. Jioni ikaonekana inawaka. Usiku boti za kuvuta meli zikaja kutoka Galveston, wanaume wakapanda meli inayoungua, wakaukata mnyororo wa nanga, wakavuta. Meli haikutoka. Karibu na saa 7 wakaikimbia.

Saa 7 na dakika 10 usiku, 17 Aprili. High Flyer inalipuka, na Wilson B. Keene inaharibiwa pamoja nayo. Wengi wanasema mlipuko huu ulikuwa na nguvu kuliko wa kwanza. Waliokufa safari hii walikuwa wachache sana, kwa sababu moja tu: watu walikuwa wameonywa wakaondoka.

Hesabu ya mwisho ya waliokufa haishuki chini ya 581. Maiti 63 hawakutambuliwa, wakazikwa pamoja Juni mwaka ule. Jamaa za waliokufa waliishtaki serikali ya Marekani, ambayo ndiyo iliyosimamia mpango wa mbolea ile. Mwaka 1953 Mahakama ya Juu ya Marekani ikawakatalia kwa kura 4 dhidi ya 3, na fidia ikaja tu kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1955.

Nisingeandika haya kama yangekuwa ya kutojua. Lakini Oppau, Ujerumani, tarehe 21 Septemba 1921, chumvi ya jamii hii iliua zaidi ya watu 500, miaka 26 kabla. Na miezi mitatu tu baada ya Texas City, Julai 1947, meli ya Ocean Liberty ilishika moto bandarini Brest, Ufaransa, ikiwa na mbolea hiyo hiyo. Wakaifunga ngama, wakaachia mvuke. Ikalipuka jioni.

Kisha Beirut, Lebanoni. Tani 2,750 za chumvi hiyo hiyo zilizokuwa zikienda Beira, Msumbiji, ziliachwa ghalani kwa miaka, hadi saa 12 na dakika 7 jioni ya 4 Agosti 2020. Watu 10 wa kikosi cha zimamoto waliotumwa kwenye moto ule hawakuambiwa ghala limehifadhi nini. Wote walikufa.

Chumvi hii inapita kwetu pia. Mbolea ya CAN tunayokuzia mahindi inayo, ikiwa imechanganywa na chokaa, na mchanganyiko huo ndio unaoipunguzia ukali. Migodini hufika kwa malori, bila kuchanganywa na chokaa. Ghala lake liwe la sakafu ya saruji isiyo na ufa wala mfereji wa kukusanya kilichoyeyuka, lenye hewa ya kupita. Dizeli, mafuta ya mashine, maranda, salfa na unga wa metali visikae humo, hata kwa usiku mmoja. Mifuko isirundikwe hadi darini, na iwe mbali na taa na mabomba yenye joto. Uliopasuka uzolewe siku hiyo hiyo, maana chumvi iliyochanganyika na uchafu si ile iliyotoka kiwandani. Kuli akisema mfuko una joto, upakiaji usimame papo hapo hadi sababu ijulikane. Na kabla lori la kwanza halijashusha, mwenye ghala aende kituo cha zimamoto kilicho karibu, aseme ni tani ngapi na zinakaa wapi, ili siku wakiitwa wajue kama ni moto wa kuzima kwa maji mengi au ni wa kuwahamisha watu na kuondoka.