Mtani si mtu wa mzaha: neno ambalo Kiingereza kililibeba nusu

Mwaka juzi tulimzika bibi yangu, mzaa mama, kijijini kwetu upande wa Matombo, mashariki ya milima ya Uluguru. Watu wamekaa kwenye mikeka, jeneza bado liko ndani. Ghafla akatokea mama mmoja amevaa gauni la marehemu, kajifunga khanga ya marehemu, mkononi ameshika mkongojo wa marehemu. Akapita katikati yetu kwa mwendo uleule wa bibi, mguu mmoja unaburuzwa, huku akifoka kwa sauti yake: "Nani kala dagaa zangu? Mmekuja kunizika au kunimalizia mboga?" Watu waliokuwa wanalia wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mama mdogo alicheka huku machozi yanamtoka.

Pembeni yangu alikaa mwanafunzi mwenzangu kutoka Ulaya, aliyenisindikiza msibani. Akaninong'oneza kwa Kiingereza: kwa nini wanamcheka marehemu? Nikamjibu harakaharaka: "They are just joking." Yaani wanatania tu. Akatikisa kichwa kama aliyeelewa. Mimi ndiye niliyebaki na wasiwasi, kwa sababu nilijua nimemdanganya.

Hebu tuanze na maneno yenyewe. Kiingereza si maskini wa vicheko. Kina giggle, kicheko chembamba cha kujizuia kama cha wanafunzi darasani. Kina chuckle, kile cha chinichini ambacho mdomo haufunguki sana. Kina guffaw, yaani kuangua kicheko bila aibu. Kiswahili chetu mara nyingi hupita njia nyingine: kinashika mzizi mmoja na kucheza na mkia wake. Kucheka, kuchekwa, kuchekana, kuchekesha, kuchekelea. Ukisikia "walimchekelea alipoanguka", unajua mara moja kwamba kulikuwa na watu waliofurahia anguko la mwenzao.

Halafu tuna maneno ya kufanyiana mchezo: mzaha, masihara, dhihaka, kejeli. Mengine yalikuja na Kiarabu. Dhihaka, kwa mfano, limetokana na neno la Kiarabu la kucheka tu, lakini kwetu limepata uchungu, likawa kucheka kwa kudharau. Ukiangalia kwa haraka, utadhani utani nao ni wa kundi hilihili. Ndiyo maana nilimjibu mwenzangu vile.

Lakini mzaha anaweza kuufanya mtu yeyote, na mtani si mtu yeyote. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na ukoo huo huitwa lukolo. Kila ukoo una koo nyingine ambazo ni watani wake. Humchagui mtani, kama usivyomchagua shangazi. Yule mama aliyevaa gauni la bibi alitoka ukoo wa watani wetu. Kabla ya kufoka kuhusu dagaa, alikuwa ameamka alfajiri, akaingia chumbani na wanawake wenzake, akaosha maiti. Vijana wa ukoo wake ndio waliochimba kaburi. Na jeneza lilipotaka kutoka alijilaza mlangoni, akasema haliruki mtu mpaka alipwe. Mjomba akatoa elfu tano na kuku. Akainuka, akajifuta vumbi, akawa wa kwanza kuimba njiani.

Mambo haya yalifikaje kwenye vitabu vya Kiingereza? Hapa kuna mtu mmoja ambaye wanabiolojia wa Morogoro wengi wanamjua kwa sababu nyingine kabisa. Reginald Moreau alikuwa mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, kuanzia mwaka 1928. Mwaka 1938 alieleza kisayansi ndege mdogo wa msituni kutoka Uluguru, mwenye kichwa chekundu cha udongo, akampa jina la mke wake Winifred. Mpaka leo ndege huyo anaitwa Scepomycter winifredae. Mtu huyohuyo aliuchunguza pia utani, na mwaka 1944 jarida la Africa likachapisha makala yake kuhusu utani wa Tanganyika.

Kwenye kichwa cha makala aliuita "joking relationships", mahusiano ya mzaha. Jina hilo hakulitunga yeye. Lilikuwa tayari linatumiwa na wanaanthropolojia waliowachunguza wenyeji wa asili wa Marekani, na mwaka 1940 Radcliffe-Brown alikuwa ameliandikia makala maarufu. Alieleza kwamba ni uhusiano ambao desturi inamruhusu mtu, na pengine inamlazimisha, kumtania mwenzake, na mwenzake hana ruhusa ya kukasirika. Aliona humo urafiki na uadui vimefungwa pamoja. Si maelezo mabaya. Ila ukilisoma lile jina peke yake, jicho linakwenda moja kwa moja kwenye kicheko. Jembe la kuchimbia kaburi halionekani.

Mwaka 1963 James Christensen, Mmarekani, alichapisha makala kuhusu Waluguru wenyewe katika jarida la American Anthropologist. Kichwa chake kinaanza na neno Utani, limeachwa lilivyo. Kisha kinataja mzaha, na uhuru wa kusema na kutenda mambo ya kimapenzi ambayo kwa kawaida ni mwiko, na mwisho kinataja wajibu wa kijamii. Mimi nikisoma kichwa hicho naona mtu aliyejaribu neno moja la Kiingereza likapwaya, akaongeza la pili, halafu la tatu.

Kwa nini kicheko na kaburi vipewe mtu mmoja? Nilimuuliza mjomba baada ya matanga. Akanijibu kwa swali: "Wewe ungeweza kumwosha bibi yako?" Nikanyamaza. "Basi. Mfiwa mikono inatetemeka. Mgeni kabisa naye ataogopa, au atakudai pesa nyingi. Anatakiwa mtu wa katikati." Mtani yuko karibu kiasi cha kukujua mpaka mwendo wa bibi yako, na yuko mbali kiasi kwamba msiba haumvunji. Kazi yake ni nzito, na ruhusa ya kukucheka ni sehemu ya malipo yake.

Utani wa makabila nao una kitu kama hicho. Wazee huueleza kwa vita vya zamani vilivyoisha kwa mapatano, au kwa safari. Karne ya 19 misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita chini ya milima hii, kwenye mji wa Simbamwene ambao leo ni Morogoro. Fikiria mpagazi wa Kinyamwezi anaugua huko, mwezi mzima wa miguu kutoka kwao. Hana mjomba wala kaka. Akipata mtani, amepata mtu wa kumtukana leo na kumzika kesho.

Sasa nirudi kwenye ule msiba, maana kuna jambo sijalisema. Mama yule alipojilaza mlangoni, shemeji yangu mmoja, kijana aliyekulia mjini, alipandwa na hasira. Akamshika mkono amburuze. "Mnadhihaki maiti!" alipiga kelele. Wazee wakamzuia, mambo yakatulia, lakini kwa dakika moja palikuwa kimya kibaya sana. Shemeji si mtu mbaya. Neno utani analijua vizuri, analisikia redioni kila Simba na Yanga, watani wa jadi, wanapokutana. Alichokuwa nacho ni nusu ileile niliyompa mwenzangu wa Ulaya: utani ni kuchekana. Na kama utani ni kuchekana tu, basi msibani ni matusi, yeye alikuwa na haki ya kukasirika.

Kwa hiyo siwezi kuwalaumu Wazungu peke yao. Kiingereza kilibeba nusu ya neno, na sisi tunaohamia mjini tunaidondosha nusu ya pili wenyewe. Mwaka jana tulizika tena, mara hii mjini. Kulikuwa na turubai, viti vya kukodi, wapishi wa kulipwa na vijana wa kuchimba kaburi kwa bei ya kuelewana. Kila kitu kilikwenda kwa saa. Hakuna aliyecheka siku nzima, na jioni mama mdogo aliniambia kwamba amechoka kuliko siku ya bibi.

Nilimwandikia baadaye yule mwenzangu, nikamwomba afute lile jibu langu. Nilimweleza kwamba yule mama hakuwa anamcheka bibi. Alikuwa kazini.

Nawe msomaji, ukienda nyumbani likizo hii, waulize wazazi watani wenu ni akina nani. Uliza majina ya koo. Kisha uliza swali la pili, ambalo ndilo muhimu zaidi: wao wakifiwa, ninyi mnatakiwa kufanya nini?