Namna Buddha Alivyoingia Katika Orodha ya Watakatifu

Jina langu la ubatizo ni Josephat, na kwetu Bukoba jina hilo limejaa tele: liite sokoni, watageuka watu watatu. Wengi wetu tulipewa kwa heshima ya Yehoshafati, mfalme wa Yuda, au ya Josaphat Kuntsevych, askofu aliyeuawa Vitebsk mwaka 1623. Lakini yupo Josaphat mwingine. Kalenda ya watakatifu wa Roma ilimweka tarehe 27 Novemba, pamoja na mwalimu wake Barlaam. Josaphat huyo ni Siddhartha Gautama, yaani Buddha mwenyewe.

Nimefundisha historia sekondari, na kila tulipofika kwenye dini za Asia swali la kwanza lilikuwa lile lile: "Mwalimu, Mungu wao anaitwa nani?" Kwa Wahindu jibu ni refu. Kwa Wabuddha swali lenyewe halina pa kukaa, na sijaona njia nzuri ya kulieleza jambo hilo kuliko kufuata safari ya hadithi ya mtu huyu.

Siddhartha alizaliwa Lumbini, katika Nepal ya leo, yapata karne ya tano kabla ya Kristo. Mapokeo yanasema ilitabiriwa kwamba atakuwa ama mfalme mkuu ama mtawa, na baba yake, kwa kuogopa la pili, akamzungushia raha za kila namna. Alipotoka nje akaona mzee, kisha mgonjwa, kisha maiti, na mwisho mtawa mwenye uso mtulivu. Akiwa na miaka 29 aliaga ikulu usiku, akaacha mke na mtoto mchanga. Alijifunza kwa walimu wawili, akawaacha. Alijinyima chakula hadi mbavu zikahesabika, akaacha na hilo. Mwishowe aliketi chini ya mti, mahali panapoitwa leo Bodh Gaya, akapata mwanga. Hakuletewa ujumbe na malaika wala hakukabidhiwa kitabu. Aliona mwenyewe.

Alichokiona alikihubiri kwanza Sarnath, karibu na Varanasi. Maisha yana mateso na kutoridhika. Chanzo chake ni tamaa. Tamaa ikizimwa, mateso hukoma. Na njia ya kuizima ina hatua nane, tangu mtazamo sahihi hadi utulivu sahihi wa akili. Ukiuliza muumba yuko wapi katika mafundisho hayo, hayupo. Mtawa mmoja alipomsumbua kwa maswali kama dunia ina mwisho au haina, Buddha alimjibu kwa mfano wa mtu aliyechomwa mshale wenye sumu, akakataa usichomolewe mpaka ajue aliyemlenga ni wa ukoo gani na upinde ulikuwa wa mti gani. Atakufa kabla hajajibiwa.

Hadithi ya mwana wa mfalme ilikuwa tamu kupita kiasi, haikuweza kubaki nyumbani. Ilipita Asia ya Kati, ambako wafuasi wa nabii Mani waliisimulia, ikafika Baghdad na kuandikwa kwa Kiarabu kama Kitabu cha Bilawhar na Budhasaf; Budhasaf ndiye mwana wa mfalme, Bilawhar mwalimu wake. Ibn Babawayh, mwanachuoni wa Kishia aliyefariki mwaka 991, aliiingiza katika kitabu chake. Katika hati za Kiarabu nukta moja iliongezeka chini ya herufi, Budhasaf akawa Yudhasaf. Wageorgia wakampokea kwa jina hilo na kumbatiza: kwao ndiko alikogeuka Mkristo. Yapata mwaka 1000, Euthymius, mtawa Mgeorgia wa Mlima Athos, akaitia hadithi katika Kigiriki, na mwaka 1048 ikapata Kilatini. Kuanzia hapo Ulaya nzima ilimjua Mtakatifu Josaphat wa India.

Tazama kilichobadilika njiani. Josaphat wa Wakristo pia amefungiwa ikulu kwa sababu ya utabiri, naye akitoka anakutana na mkoma, kipofu na mzee. Hadi hapo ni Siddhartha mtupu. Lakini hakuna mti. Badala yake anakuja mzee Barlaam, mkaa jangwani, amejigeuza mfanyabiashara, akidai ana kito cha thamani anachotaka kumwonyesha mwana wa mfalme. Kito hicho ni Injili. Anamweleza habari za uumbaji, anguko la Adamu, msalaba, ufufuo, kisha anambatiza.

Barlaam yule ndiye ufunguo wa jambo lote. Watungaji wa Kiislamu na wa Kikristo hawakuweza kumwachia kijana aketi peke yake na kuuona ukweli, kwa sababu katika imani zao ukweli wa mwisho huletwa: una mwenyewe aliyeutuma na mjumbe anayeufikisha. Kwa Mkristo hata mjumbe hatoshi. Tatizo la mwanadamu ni dhambi dhidi ya Mungu aliyemuumba, na dhambi haiondolewi kwa kutafakari, inahitaji Mwokozi. Ndiyo maana Josaphat anaacha kiti cha enzi kama Siddhartha alivyoacha chake, lakini anakokwenda ni kwingine. Mmoja anatafuta kuzimika kwa tamaa, chuki na ujinga, hali iitwayo nirvana, asizaliwe tena. Mwingine anangoja kufufuliwa, yeye yule, mbele ya Mungu wake.

Mifano ya Barlaam nayo ilitembea. Mmoja wake ni wa mfalme aliyetengeneza makasha manne, mawili yakipakwa dhahabu na kujazwa mifupa, mawili yakipakwa lami na kujazwa vito. Waheshimiwa wake wakachagua dhahabu. Waliosoma Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, wanayajua makasha ya Portia. Wasomi huyahesabu kuwa vitukuu vya makasha hayo.

Mwaka 1571 mtawala wa Venice alimpa Sebastian, mfalme wa Ureno, kipande cha mfupa ulioaminiwa kuwa wa Mtakatifu Josaphat. Mfupa huo uliishia Antwerp. Na ni Mreno aliyehisi jambo mapema: Diogo do Couto, mwandishi wa historia aliyeishi Goa. Katika kitabu kilichochapwa mwaka 1612, Couto aliandika kwamba habari za Buddha na za Josaphat zinafanana mno. Ila alidhani Wahindi ndio waliomwiga mtakatifu. Ilibidi kungoja miaka ya 1859 na 1860, wasomi Laboulaye na Liebrecht walipothibitisha kwamba mkopo ulikwenda upande wa pili.

Nyumbani India, Wahindu nao walimkaribisha Buddha kwa njia yao. Walishirikiana naye mengi: karma, mzunguko wa kuzaliwa upya, haja ya kujinasua. Lakini aliukana msingi. Uhindu wa maandiko ya Upanishad unafundisha kwamba ndani ya mtu mna nafsi isiyokufa, atman, na kuokoka ni kuitambua. Buddha alisema ukichambua mwili, hisia na fikra hutaikuta nafsi ya kudumu. Hakuzikubali Veda, maandiko matakatifu ya Wahindu, kuwa mamlaka ya mwisho, na utawa wake ulipokea watu wa tabaka lolote. Jibu la baadhi ya Purana, vitabu vya Kihindu vya hadithi za miungu, lilikuwa kumfanya umbo la mungu Vishnu, aliyeshuka kuwapotosha maadui wa miungu kwa mafundisho ya uongo. Jayadeva, mshairi wa karne ya 12, alikuwa mpole zaidi: kwake Vishnu alishuka kama Buddha kwa kuwahurumia wanyama waliochinjwa kafara. Vyovyote vile, ilibidi ashuke kutoka juu.

Heshima hiyo ina walioikataa. Tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, B. R. Ambedkar, mwanasheria aliyeongoza uandishi wa rasimu ya katiba ya India na mtoto wa tabaka la wasioguswa, aliingia Ubuddha pamoja na wafuasi laki kadhaa. Katika viapo 22 alivyowapa, kimojawapo kinakana kwamba Buddha ni umbo la Vishnu. Alijua kwamba Buddha akishakuwa mungu wa Kihindu, tabaka linarudi kupitia mlango wa nyuma.

Si kila Mbuddha hujitegemea kama Siddhartha. Wajapani wa madhehebu ya Jodo huliitia jina la Buddha mwingine, Amida, wakitumaini rehema yake. Hata hivyo, kwa mwanafunzi anayelinganisha dini hizi, nashauri swali la jina la Mungu liwekwe kando kwanza. Aulize ukweli unamfikiaje mtu. Mkristo atasema umetumwa kwa upendo. Mhindu wa Vishnu atasema mungu mwenyewe hushuka kila dunia inapoharibika. Mbuddha atasema kuna aliyeiona njia akaionyesha, na kutembea ni juu yako.